Kruger, Victoria Falls na Chobe, Namibia au Cape Town: familia ya huku kwetu iende wapi?

Kama lengo la safari ni watoto waone simba wengi na nyumbu maelfu kwa mpigo, msipoteze hela kwenda kusini, Serengeti ipo, Ngorongoro ipo, Mara ipo hapo jirani, na Mtanzania analipa kiingilio kwa shilingi. Nalisema hilo mapema maana naona familia nyingi zinauziwa pakeji za Afrika Kusini na Botswana kwa picha za simba wakati simba tunao hapahapa. Kusini mnaendea vile ambavyo huku hatuna: maporomoko ya Zambezi, tembo wanaoogelea kuvuka mto mbele ya boti yenu, jangwa la mchanga mwekundu, pengwini, na ile raha ya kuingia hifadhini na kagari kadogo ka kawaida kwenye lami mkiwa familia tu, bila dereva wala mtu wa kuwaharakisha. Mkichagua kwa kipimo hicho uamuzi unakuwa mwepesi sana, na ndo kipimo ninachotumia hapa chini.

Njia zenyewe kwa familia naziona nne. Johannesburg mpaka hifadhi ya Kruger kupitia milima ya Mpumalanga, Afrika Kusini. Victoria Falls na Chobe, yaani Zambia, Zimbabwe na Botswana kwa pamoja. Namibia. Na Cape Town kwenda mpaka Addo, mbuga ya tembo. Wapo wanaotaka wazipige zote kwa wiki mbili, jamani na watoto msijaribu, mtaona viwanja vya ndege na vituo vya mafuta tu. Chagueni moja, mkizidisha sana mbili.

Kalenda ya shule inaamua nusu ya mambo

Kabla hamjafungua ramani angalieni likizo. Juni mpaka Agosti huko ni kipupwe, na upande wote wa kaskazini, Kruger, Chobe, Victoria Falls, Etosha ya Namibia, ni kiangazi kikavu. Nyasi zimelala, majani yamepukutika, maji yamebaki mtoni na kwenye madimbwi machache, kwa hiyo wanyama wanakuja wenyewe pale maji yalipo na mtoto hata wa miaka mitano anawaona bila kuoneshwa kwa kidole. Mbu nao wanapungua sana. Ila asubuhi kuna baridi kama ya Njombe, tena mkiwa kwenye gari la wazi upepo unawapiga usoni, kwa hiyo koti zito, kofia na soksi siyo mzigo wa bure. Mchana jua linatoka watoto wanabaki na fulana.

Cape Town ni kinyume chake kabisa. Juni mpaka Agosti ndo mvua na upepo wao, gari la kamba la Table Mountain linasimamishwa kila upepo ukichachamaa, na mara nyingi kipindi hichohicho wanalifunga siku kadhaa kwa matengenezo. Desemba ndo Cape Town inapendeza, jua mpaka saa mbili usiku, ila na wenyewe wako likizo, kwa hiyo bei juu na kila mahali pamejaa. Huku Kruger Desemba ni joto, mvua na majani marefu. Mandhari yanavutia, kuna swala pala wachanga kila kona, lakini chui akilala mita kumi toka barabarani hamumuoni.

Victoria Falls wana kalenda yao peke yao na hapa watu wengi wanachanganya. Maji ya Zambezi yanatoka mbali, kaskazini magharibi mwa Zambia na Angola, kwa hiyo mvua zikishaisha maji bado yako njiani, na kilele kinakuja kama Aprili. Aprili unasikia ngurumo na unalowa mpaka mfupa ila kuona huoni kitu, ukungu mtupu. Oktoba na Novemba upande wa Zambia sehemu kubwa inabaki ukuta wa mawe. Katikati hapo, Juni mpaka Agosti, maji yapo ya kutosha na macho yanaona.

Kwa hiyo likizo ya Juni ya Tanzania au ya Agosti ya Kenya: Kruger, Falls na Chobe, au Namibia. Likizo ya Desemba: Cape Town na Addo. Ukishafika hapa umeshakata nusu ya maswali.

Kruger na gari lenu wenyewe

Hii ndo ninayoipenda kuliko zote kwa familia yenye mtu anayejua kuendesha gari vizuri. Wanaendesha kushoto kama sisi, na hata kagari kama Vitz kanatosha maana barabara kuu za ndani ni lami. Kutoka Johannesburg ni mwendo wa saa nne na nusu mpaka tano kwa barabara ya N4, toli ziko kadhaa, muwe na randi au kadi mkononi. Hifadhi yenyewe ni karibu kilomita za mraba 20,000 na urefu kama kilomita 360 toka kusini mpaka kaskazini, msijidanganye kwamba mtaimaliza. Kaeni kusini na katikati, Berg-en-Dal, Skukuza, Lower Sabie, Satara, basi, wanyama wengi wako huko.

Mwendo ni kilomita 50 kwa saa kwenye lami na 40 kwenye vumbi, na kwa kweli hata hiyo 50 ni kasi sana ukitaka kuona. Chukua ile barabara ya Skukuza kwenda Lower Sabie inayofuata mto Sabie. Ni kama kilomita 45 tu lakini na watoto inakula asubuhi nzima, kila kona mtu anapiga kelele baba simama, mama rudi nyuma, kumbe ni ngiri, haya tusimame kwa ngiri. Hapo ndo penyewe. Ukiwa kwenye gari la kampuni na wageni wengine huwezi kusimama nusu saa kwa ajili ya tumbili anayembeba mtoto wake, dereva ana simba wa kuwaonesha watu. Kwenye gari lenu mnasimama mpaka mchoke. Karibu na kempu ya Lower Sabie kuna bwawa linaitwa Sunset Dam, unapaki karibu kabisa na maji, viboko wanapumua pale, mamba wamelala ukingoni wamefungua midomo, ndege wamejaa kwenye miti mikavu, na mnakula sandwichi zenu ndani ya gari mkiangalia. Bure, hamna wa kuwaambia muda umeisha.

Kitu kingine watoto wanachopenda ni ubao wa mapokezi kwenye kempu. Wageni wanabandika alama za rangi kwenye ramani kuonesha leo simba kaonekana wapi, chui wapi, mbwa mwitu wapi. Mpe mtoto mkubwa kazi ya kusoma ule ubao jioni na kupanga njia ya kesho, nunueni na kitabu cha ramani pale dukani, utaona mwenyewe kama atakumbuka simu.

Malazi ni vibanda vya duara vyenye vitanda, bafu, jiko na sehemu ya kuchomea nyama nje, ndani ya uzio. Friji nyingi ziko barazani na zimewekewa kizuizi kwa sababu nyani na tumbili wanajua kufungua milango vizuri tu. Usiku fisi wanapita kando ya uzio wakinusa moshi wa nyama, mnachukua tochi mnawaangalia, wao nje nyie ndani.

Sasa masharti, maana Kruger siyo uhuru wa kila kitu. Hairuhusiwi kushuka kwenye gari isipokuwa kempu, sehemu za kupumzikia na zile sehemu chache zenye alama, kwa hiyo mwenye mtoto anayejifunza choo apange safari zake kwa vyoo. Geti za kempu kipindi cha Juni zinafunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 11 na nusu jioni, ukichelewa faini ipo na hawabembelezi. Safari za kuongozwa za jioni na usiku ni kuanzia miaka sita, matembezi ya miguu ni miaka kumi na mbili. Na malaria ipo, hata kipupwe haiishi kabisa.

Kuhusu hela, hapa Mtanzania ana nafuu ambayo wengi hawaijui. Hifadhi za taifa za Afrika Kusini zina bei tatu: ya raia wao, ya raia wa nchi za SADC, yaani jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, na ya wageni wengine. Tanzania na Congo ni SADC, kwa hiyo ukionesha pasipoti unalipa karibu nusu ya anacholipa Mzungu. Mkenya na Mganda wanalipa bei ya juu. Kwa watu watano kwa siku nyingi hiyo ni hela ya maana. Vibanda vinafunguliwa kubukiwa miezi kumi na moja kabla na vile vizuri vya kando ya mto vinaisha haraka, hasa kipindi ambacho likizo zao zinaangukia mwishoni mwa Juni na Julai. Yule aliyezoea kupanga wiki mbili kabla atapata vilivyobaki, au atalala nje ya geti.

Ubaya wake. Simba akionekana karibu na lami magari yanajaa mpaka yanazibana njia, na watoto wa nyuma hawaoni kitu. Na faru, Kruger imepigwa sana na majangili kwa miaka mingi, faru wengi sasa wanakatwa pembe na askari wenyewe ili wasiuawe. Mtoto akimuona faru hana pembe atauliza, jiandae kumjibu ukweli.

Njiani msiruke milima. Karibu na Graskop kuna God's Window, ukuta wa mlima unaotazama bonde la chini, ukungu ukiwepo hamuoni kitu mnasubiri au mnarudi baadaye. Kuna Bourke's Luck Potholes, mashimo ya duara yaliyochimbwa na maji kwenye mwamba, kuna vidaraja juu yake. Na Three Rondavels juu ya korongo la mto Blyde, hapo hata mimi nisiyependa kupiga picha nilipiga. Siku moja inatosha, mbili kama mnapenda kwenda taratibu.

Na kabla ya yote hayo, mkiwa Johannesburg, wapelekeni watoto Soweto. Makumbusho ya Hector Pieterson pale Orlando West inaelezea wanafunzi wa Juni 16, 1976, na Mtaa wa Vilakazi ambako Mandela na Desmond Tutu waliishi uko karibu tu. Kwa mtoto wa Kitanzania hii ni habari ya nyumbani, maana vijana wengi waliokimbia baada ya siku ile walifika Morogoro, serikali yetu ikawapa ANC, chama chao cha ukombozi, ardhi Mazimbu, wakajenga shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na makaburu mwaka 1979. Leo pale ni kampasi ya SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine, na watoto wengi wanapita Msamvu kila likizo bila kujua. Ni ziara ya asubuhi moja na kwa maoni yangu ina thamani kubwa kuliko duka lolote la Sandton. Johannesburg yenyewe msizurure usiku, tumieni teksi za kwenye apu, gari la kukodi chukueni siku mnayoondoka mjini na ondokeni mapema ili mfike Kruger jua likiwa juu.

Victoria Falls na Chobe

Hii ni kwa familia isiyotaka kuendesha gari, au yenye bibi na babu, au yenye siku chache. Mnatua Livingstone upande wa Zambia au mji wa Victoria Falls upande wa Zimbabwe, mnachukuliwa na gari la hoteli, kila kitu kiko karibu. Maporomoko yana upana wa mita 1,708 na kimo cha mita 108, urithi wa dunia wa UNESCO tangu 1989, na namba hizo hazikuandai hata kidogo. Unaanza kuona wingu jeupe limesimama angani toka mbali, ukisogea unasikia ngurumo kifuani kabla ya masikioni, alafu njia inaingia kwenye msitu unaolowa mwaka mzima kwa mvuke na ghafla miti inaachana, unakutana na ukuta wa maji. Mama mkwe wangu, ambaye nyumbani haongei sana, alisimama pale akaanza kuimba pambio kwa sauti na wageni wakamuunga mkono kwa makofi.

Zimbabwe au Zambia? Wenye muda pande zote mbili, daraja la mwaka 1905 linaunganisha na mnaweza kulivuka kwa miguu. Kama ni moja: upande wa Zimbabwe unaonesha sehemu kubwa zaidi, karibu robo tatu, vituo vya kutazamia ni vingi na njia ni tambarare, bibi anatembea vizuri na kigari cha mtoto kinasukumika. Upande wa Zambia unakuwa karibu zaidi na maji, pale Knife-Edge Bridge Juni mnaloa kama mmesimama chini ya bomba. Makoti ya mvua yanakodishwa getini, simu fungeni kwenye nailoni. Danger Point upande wa Zimbabwe hakuna uzio, mawe yanateleza, mshike mtoto mkono usimuachie hata kwa picha. Na lile dimbwi la ukingoni, Devil's Pool, linafunguliwa maji yakipungua, kama katikati ya Agosti mpaka Januari, na wanapokea kuanzia miaka kumi na mbili, kwa hiyo wenye watoto wadogo msiwape matumaini.

Mwezi ukiwa mpevu na maji ni mengi hifadhi inafunguliwa usiku watu waone upinde wa mvua wa mwezi. Mkiweza kupanga tarehe iangukie hapo, fanyeni hivo.

Alafu Chobe. Kutoka Victoria Falls mpaka Kasane, mji wa Botswana ulio mlangoni mwa Chobe, ni kama kilomita 80 tu, na kutoka Livingstone mnapita daraja jipya la Kazungula lililofunguliwa 2021, zamani ilikuwa kivuko na malori yalikuwa yanasubiri siku nyingi. Wengi wanaenda kwa siku moja na kurudi, mimi nawashauri mlale Kasane hata siku mbili, maana uzuri wa Chobe ni boti ya jioni na mkienda kwa siku moja mnakimbizwa na saa za mpaka. Botswana ina tembo wengi kuliko nchi yoyote, kama 130,000, na kiangazi kundi baada ya kundi wanashuka mto Chobe mchana. Boti inazima injini. Tembo wakubwa wanaingia majini kwanza, wadogo katikati, inafika mahali unaona mikonga tu imenyooshwa juu kama mabomba, mama anamsukuma mtoto kwa kichwa, wanatokea ng'ambo kwenye kisiwa cha Sedudu weusi tii wanang'aa. Huku kwetu tuna tembo wengi tu, Tarangire wanajaa, lakini kuwaona hivi mkiwa usawa wa macho yao juu ya maji ni kitu kingine. Na boti haimchoshi mtoto kama gari, anasimama, anakunywa juisi, choo mara nyingi kipo kwenye zile kubwa. Asubuhi mkitaka ongezeni mzunguko wa gari la wazi. Mjini Kasane kwenyewe ngiri wanakatiza barabara na kula majani mbele ya maduka, watoto wanachekeshwa sana na hilo.

Tatizo la njia hii ni bei ya vitu vya pembeni. Helikopta, boti ya jioni ya Zambezi, kamba za kuruka darajani, chakula cha usiku chenye ngoma, kila kimoja ni dola kwa kichwa, na mkiwa watano inaungana haraka. Maporomoko na boti moja ya Chobe vinatosha kabisa, vingine wekeni kando kuanzia nyumbani, mkubaliane kabla watoto hawajaona mabango. Zimbabwe bebeni dola za noti ndogondogo, chenji ni shida.

Kuna wanaoniuliza kuhusu kwenda kwa ardhi. Reli ya TAZARA ni kilomita 1,860 toka Dar mpaka New Kapiri Mposhi, alafu basi la Lusaka, alafu Livingstone kama kilomita 480 nyingine. Ni safari nzuri kwa vijana na wenye subira, ulizeni kwanza kama treni ya abiria inatembea, na msiunganishe na tiketi ya ndege ya siku hiyohiyo. Wa Lubumbashi wao ndo wenye bahati, mpaka wa Kasumbalesa uko pua na mdomo, ni gari tu moja kwa moja kushuka Zambia.

Sasa hizi mbili, ipi?

Kruger inashinda kwa siku nyingi na hela ya wastani, kwa watoto wa miaka sita mpaka kumi na tano wanaopenda kutafuta na kuuliza, na kwa mzazi anayetulia kwenye usukani. Falls na Chobe inashinda kama mna siku nne au tano, kama mnasafiri na wazee, kama watoto ni wadogo sana wasiokaa garini muda mrefu, na kama hamna kredit kadi, maana kampuni nyingi za kukodisha magari Afrika Kusini zinataka kredit kadi yenye jina la dereva zizuie hela ya dhamana, hizi kadi zetu za kawaida za benki mara nyingi zinakataliwa pale kaunta.

Kwa Waislamu kuna jambo la chakula pia. Johannesburg na Cape Town halali iko kila mahali, mtaa wa Fordsburg pale Johannesburg mnanunua nyama mnaweka kwenye kibaridi mnaingia nayo Kruger mnapika wenyewe, hamna wasiwasi. Kasane na Victoria Falls hoteli nyingi mtabaki na samaki na mboga msipoulizia mapema. Na msijaribu kuingia Botswana na nyama mbichi, mpakani wanapekua kibaridi na mnakanyagishwa kwenye dawa na viatu vyenu, kwa ajili ya ugonjwa wa miguu na midomo wa ng'ombe.

Mimi kwa familia ya Dar au Arusha inayoenda kusini kwa mara ya kwanza likizo ya Juni, yenye watoto wa shule ya msingi na dereva mzuri, nawapeleka Soweto, milimani na Kruger bila kusita. Lakini kama safari ni ya kumfurahisha mzazi aliyezeeka, pelekeni Victoria Falls mwaka huu, msisubiri mwakani.

Namibia

Kwa haraka maana siyo kwa kila familia. Ni nchi kubwa yenye watu milioni tatu hivi, umbali ni mrefu mno na barabara nyingi ni changarawe. Windhoek mpaka Okaukuejo, Etosha, ni kilomita 435 hivi, hii ni lami nzuri. Windhoek mpaka Sesriem kwenye vilima vya mchanga ni kama 350, nyingi changarawe, na wageni wanapinduka huko kila mwaka kwa kukimbia, 80 isizidi, na jazeni mafuta kila kituo mnachokutana nacho.

Etosha usitegemee viboko wala nyati, hawapo. Ila pale Okaukuejo kuna dimbwi lenye taa usiku, mnakaa kwenye benchi nyuma ya ukuta mfupi, kimya, na faru weusi wanakuja kunywa. Watoto waliozoea kuongea wanajifunza kunong'ona. Vilima vya Sossusvlei ni vyekundu kabisa alfajiri, kilomita tano za mwisho ni mchanga mtupu, kama gari lenu siyo la kuvuta magurudumu yote mnapanda la kukodi pale. Walvis Bay kuna flamingo, Swakopmund kuna keki na baridi ya bahari. Vijana wa sekondari wanaipenda mno Namibia. Watoto wa miaka minne mitano watalia garini, na wewe utalia nao. Randi ya Afrika Kusini inapokelewa huko sawa kwa sawa na dola yao.

Cape Town na Addo

Hii ndo ya Desemba na ndo ya familia yenye mtoto mchanga au mama mjamzito, kwa sababu hakuna malaria. Na msiseme sisi malaria tumeizoea, watoto waliokulia Nairobi, Muscat au Uingereza hawana kinga hiyo kabisa, wakirudi likizo na kupelekwa mbugani wanaumwa vibaya.

Table Mountain mnapanda kwa gari la kamba, siku ya kwanza yenye anga safi, msiahirishe. Pengwini wako Boulders Beach pale Simon's Town, mnatembea kwenye njia ya mbao wao wako chini yenu mchangani, na waonesheni watoto kwa makini maana mwaka 2024 pengwini hawa wa Afrika waliwekwa kwenye kundi la walio hatarini zaidi kutoweka. Robben Island boti inaondokea Waterfront, Mandela alikaa huko miaka 18 kati ya 27 ya kifungo, tiketi nunueni kabla hamjaondoka nyumbani, Desemba zinaisha.

Alafu mnafuata pwani, Garden Route, taratibu na kulala njiani mara mbili tatu, mpaka Addo karibu na Gqeberha. Addo ilianzishwa mwaka 1931 tembo wamebaki 11 tu, leo ni zaidi ya 600, na mnaingia na gari lenu kama Kruger. Kuna vibao vinavyowakataza madereva kukanyaga mavi ya tembo kwa sababu ya mende wa mavi wasioruka wanaoishi humo, mwanangu wa mwisho alikuwa anahesabu mende akasahau tembo kabisa. Kama likizo yenu ni Juni na mnataka mbuga isiyo na malaria, Pilanesberg iko saa mbili na nusu hivi toka Johannesburg, ni ndogo lakini faru, tembo, simba wapo.

Makaratasi

Pasipoti ya Tanzania au Kenya inaingia Afrika Kusini, Zambia, Zimbabwe, Botswana na Namibia bila viza kwa matembezi, Mkenya kwa Afrika Kusini ni tangu 2023. Hakikisheni tena ubalozini kabla ya kulipa tiketi, mambo haya yanabadilika. Wenye pasipoti za Ulaya au Marekani kwenye familia waulize viza zao nchi kwa nchi, ipo KAZA Univisa ya dola 50, viza moja ya Zambia na Zimbabwe, inawaruhusu pia kwenda Chobe na kurudi siku hiyohiyo, kulala Kasane haijumuishi. Kadi ya homa ya manjano bebeni wote, anayetoka Kenya anaulizwa.

Kwa watoto, kila mmoja awe na cheti cha kuzaliwa chenye majina ya wazazi wote wawili, nakala iliyothibitishwa. Botswana wanakitaka, na Afrika Kusini hata baada ya kulegeza masharti wanaweza kukuuliza. Ukisafiri na mtoto bila mzazi mwenzako, au unasafiri na mtoto wa dada yako, beba barua ya ridhaa iliyosainiwa mbele ya wakili pamoja na nakala ya kitambulisho cha asiyesafiri. Na kama mtavuka mpaka na gari la kukodi, mwambieni mwenye gari siku ya kubuki, awaandikie barua ya ruhusa ya kuvuka, siyo siku ya kuchukua funguo.